UZI: Kutoka kuipenda ndege hadi kuirusha, na hadi kuimiliki. Hatua, saa, pesa na mahali watu wanapokwama

Kipanga wa Ukonga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la "napenda sana urubani, naanzia wapi?" linarudi kila mara na majibu huwa mistari miwili. Tuweke yote hapa mahali pamoja: leseni, afya, fedha, ajira, na kwa wale ambao ndoto yao ni kuwa na kampuni ya ndege, upande wa biashara pia. Wenye ujuzi wa karakana na wa ofisi karibuni muongezee.

Anza kwa daktari kabla hujalipa chuo hata shilingi. Mwanafunzi na mwenye leseni ya rubani binafsi, yaani PPL, wanatakiwa cheti cha afya daraja la pili. Leseni ya biashara, CPL, inadai daraja la kwanza. Kama lengo lako ni ajira, kapime daraja la kwanza moja kwa moja, hata kama masomo unayoanza nayo ni ya PPL. Kosa linaloumiza familia nyingi ni hili: kiwanja kimeuzwa, PPL imemalizika, kijana anafika hatua ya CPL ndipo inagundulika hatofautishi nyekundu na kijani. Kipimo hicho ni cha dakika chache, na kingefanyika siku ya kwanza.

Daktari mwenyewe lazima awe ameidhinishwa na mamlaka ya anga ya nchi itakayokupa leseni: TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya, na kadhalika. Cheti cha hospitali nyingine yoyote, hata iwe kubwa namna gani, hakipokelewi. Atakachoangalia:

Macho: miwani inaruhusiwa. Ukiwa umeivaa, kila jicho lifikie 6/9 au bora zaidi, na yote mawili kwa pamoja 6/6. Rangi hupimwa kwa kadi za Ishihara zenye namba ndani ya vidoti. Ukizikosea bado kuna kipimo cha taa, usikate tamaa siku hiyohiyo.

Masikio: kila sikio peke yake, upungufu usizidi desibeli 35 kwenye masafa ya sauti ya hezi 500, 1,000 na 2,000, wala desibeli 50 kwenye 3,000. Wanaofanya kazi kwenye mashine zenye kelele au wanaosikiliza muziki kwa sauti kubwa masikioni miaka yote huanguka kwenye hiyo 3,000.

Moyo, mkojo, shinikizo la damu, kisukari, historia ya kifafa. Hapo usifiche kitu. Ukificha kikajulikana baadaye, kinachokuangusha ni uongo wenyewe kuliko ugonjwa.

Chini ya miaka 40 cheti cha daraja la kwanza hudumu miezi 12. Ukishapita 40 na unabeba abiria wa kulipa ukiwa rubani peke yako, kinashuka hadi miezi 6.

Baada ya afya ndipo PPL: umri miaka 17, saa 40 angani. Ndani yake ziwemo saa 10 ukiwa peke yako ndegeni, 5 kati ya hizo za safari, na safari moja isiyopungua maili 150 za baharini yenye kutua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Hiyo 40 ni kima cha chini cha kisheria. Bajeti ya kweli iwekwe saa 50 hadi 60.

---

Mama Tegemeo

Asante sana Kipanga. Swali: kwa nini wengi wanapita hizo 40? Ni uwezo wa mtoto au ni chuo kinavuta pesa?

---

Kipanga wa Ukonga

Mama, mara nyingi ni mpangilio. Mwanafunzi anayeruka mara moja kwa wiki hutumia theluthi ya somo kukumbuka la wiki iliyopita. Anayeruka mara tatu au nne kwa wiki husonga mbele kila somo. Kwa hiyo ni bora asubiri nyumbani hadi fedha ya PPL nzima ipatikane, kisha amalize kwa miezi mitatu au minne, kuliko kuanza na ada ya saa kumi na kusimama. Akisimama miezi sita, saa zake zinabaki kwenye kitabu lakini mikono imesahau, na mwalimu hatamruhusu kuruka peke yake mpaka arudie.

Sababu ya pili ni nadharia kuachwa nyuma. Sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari, elimu ya ndege, kanuni za kuruka, uwezo na udhaifu wa binadamu, redio. Asome kabla ya kuingia ndegeni. Kufundishwa duara la kutua kwa mara ya kwanza injini ikiwa inanguruma ni darasa la gharama kubwa kuliko yote duniani.

---

Hesabu Kwanza

Naongezea upande wa fedha, maana humo ndimo watu wanapoumizwa.

Ukiuliza bei ya saa, uliza mambo manne na uandikiwe. Moja, je, bei ni pamoja na mafuta? Cessna 172 inakunywa kwa saa takriban lita 30 hadi 35 za Avgas, yaani petroli ya ndege ndogo, na Avgas kwetu ni ghali na mara nyingine hukosekana kabisa, kwa sababu soko kubwa ni la Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti na turbini. Chuo kisicho na tangi lake husimamisha ndege wiki nzima kungoja mapipa.

Mbili, saa inahesabiwa kwa mita ipi? Kuna mita inayohesabu tangu injini inawaka hadi inazimwa, na kuna ile inayofuata mizunguko ya injini, ambayo huenda polepole mkiwa ardhini. Tofauti yake inaweza kufika asilimia 10 hadi 20. Kwa saa 200 hiyo ni fedha ya kununulia injini mbili za bodaboda na chenji ikabaki.

Tatu, ada ya kutua, ada ya mwalimu, mitihani ya mamlaka, ada ya mtahini siku ya mtihani wa vitendo: ziko ndani au nje?

Nne, chuo kina ndege ngapi zinazoruka LEO. Usihesabu zilizopo bandani. Nenda asubuhi, kaa karibu na uzio, hesabu zinazoondoka. Wanafunzi 40 kwa ndege mbili maana yake utaruka mara moja kwa wiki, na tumeshaona hapo juu hiyo inagharimu nini.

Na tafadhali, usilipe kozi nzima mkupuo mmoja. Lipa kwa vipande vya saa 10 au 15. Chuo kikikupa punguzo kubwa ili ulipe yote leo, jiulize kinahitaji hela hiyo kwa nini. Pia omba kuona cheti cha mamlaka cha chuo chenyewe na tarehe ya mwisho wake. Saa ulizoruka kwenye kozi isiyoidhinishwa hazikupi ule unafuu wa saa 150 wa CPL.

---

Dada wa Nyamagana

Hesabu Kwanza, ubarikiwe. Unafuu gani huo wa 150? Na je, Marekani, Afrika Kusini au hapahapa? Maana kila mtu anasema lake.

---

Mshale Sita

Dada, hilo la 150 niachie mimi.

CPL kwa viwango vya kimataifa: umri 18, saa 200 kwa jumla, au 150 kama umesoma kozi moja iliyoidhinishwa mwanzo hadi mwisho. Ndani ya hizo 200 ziwemo 100 ukiwa rubani mkuu, yaani mwenye dhamana ya ndege (70 kwa wa kozi), 20 za safari ukiwa rubani mkuu, 10 za mafunzo ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma vyombo bila kutegemea kuona nje, na ile safari ndefu ya maili 300 za baharini yenye kutua viwanja viwili tofauti.

Pangilia saa ili moja ijaze visanduku vitatu. Kuzunguka kiwanja saa 60 kunakupa saa 60 tu. Saa hizohizo ukizifanya safari, unapata urubani mkuu, unapata safari, na unatimiza saa 50 za safari zinazodaiwa kwenye idhini ya kuruka kwa vyombo. Na pima maili kabla ya kuondoka. Dar–Tanga–Zanzibar–Dar inaonekana safari kubwa lakini haifiki 300, inaishia kama 215. Dar–Tanga–Arusha–Dar inapita mbali. Kwa walio kiwanja cha Wilson, Nairobi, kwenda Mombasa, kupitia Malindi na kurudi inatosha bila wasiwasi. Wapo wanaoirudia safari nzima kwa sababu ya maili 80 zilizopungua, au kwa sababu waligusa tu njia wakapaa tena, na sheria inataka kutua na kusimama.

Idhini ya vyombo inadai saa 40 za vyombo, na sehemu yake nzuri inaweza kufanywa kwenye simuleta iliyoidhinishwa, ambayo ni nafuu kuliko ndege. Ya injini mbili huchukua saa 10 hadi 15 katika vyuo vingi. Iweke mwishoni kabisa, kwa sababu saa yake inaweza kuwa mara mbili au zaidi ya bei ya injini moja, na ustadi wa kuzima injini moja angani unapotea upesi usipoutumia.

Kuhusu nchi:

Hapahapa kunakufaidi kwa jambo moja watu wanalidharau: unajifunza hewa utakayofanyia kazi. Ukisomea nchini mwako, leseni haihitaji kubadilishwa. Uganda kuna Soroti, chuo kilichoanzishwa 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Nairobi kuna vyuo kadhaa Wilson, na Dar pia mafunzo yapo.

Marekani ndege ni nyingi, mafuta nafuu, unaruka kila siku. Lakini fahamu: kuna njia mbili za mafunzo, Part 61 ambayo CPL yake ni saa 250, na Part 141 ambayo ni saa 190. Mgeni lazima apate kibali cha TSA, wakala wao wa usalama wa usafiri, kabla ya kuanza, na viza ya M-1, ya mwanafunzi wa ufundi, haikupi nafasi ya kubaki muda mrefu ukifanya kazi ya ualimu ili kujaza saa. Ukirudi utafanya mtihani wa sheria za anga za hapa, kipimo cha afya cha hapa, mtihani wa vitendo, na mamlaka itaandikia Marekani kuthibitisha leseni. Ubadilishaji huu una gharama na una miezi yake, uweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Afrika Kusini iko katikati: saa 200, hewa na nyanda za juu zinafanana na zetu kiasi, ubadilishaji upo vilevile.

---

Mzee wa Baraza

Vijana mnasema vizuri. Mimi nataka mtu aeleze hiyo "hewa ya hapa", maana vijana wanaorudi na saa 200 za Florida wanafika Arusha wanashangaa ndege haipandi.

---

Mshale Sita

Shikamoo mzee. Ni hesabu hii, na kila rubani wa nyanda za juu anaifanya kichwani.

Wilson ipo futi 5,546 juu ya usawa wa bahari. Kwa hewa ya kiwango, kimo hicho kingekuwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Mchana wa kawaida wa Februari tuseme ni 27. Umezidi kwa nyuzi 23. Kila nyuzi moja inaongeza takriban futi 120, hivyo 23 mara 120 ni 2,760. Jumlisha na 5,546 unapata kama 8,300. Ndege inajihisi iko futi 8,300 hata kabla ya kuachia breki. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo robo ya nguvu imeshaondoka. Propela nayo inakamata hewa nyembamba, mabawa nayo vivyo hivyo. Florida, kiwanja kiko futi 20, kijana hajawahi kukutana na hili.

Makosa mawili hufuata. La kwanza, kuondoka na kidhibiti cha mchanganyiko kimesukumwa mbele kabisa kama alivyozoea pwani. Kwenye kimo hiki injini inazama kwenye mafuta, inakohoa, nguvu inapungua zaidi. Punguza mafuta wakati unajaribu injini, mpaka mizunguko ifike kileleni, kisha rudisha kidogo. La pili, kuvuta usukani mapema kwa sababu njia inaonekana kuisha. Mshale wa mwendo hausemi uongo: mwendo wa kunyanyuka ni uleule kwenye saa yake, ila ardhi inapita haraka zaidi na umbali unaongezeka. Ukivuta mapema, ndege inaelea kwenye mto wa hewa karibu na ardhi, ikitoka hapo inashindwa kupanda.

Dawa ni asubuhi mapema, mzigo mdogo, na kitabu cha ndege kufunguliwa ukurasa wa utendaji kila siku, hata kwenye njia unayoijua.

---

Dada wa Nyamagana

Nimeelewa kuliko nilivyowahi kusoma popote. Sasa mtu ana CPL, ana vyombo, ana injini mbili, saa 200. Ajira?

---

Rubi ya Kati

Hapo ndipo wengi huvunjika, tuseme wazi. Saa 200 ni leseni, bado si sifa ambayo kampuni ya bima inaikubali kwa rubani wa peke yake kwenye Cessna Caravan, ndege ya injini moja ya turbini, yenye watalii kumi. Kampuni nyingi hutaka 500 au zaidi, na mara nyingi ni bima inayoamua namba hiyo kuliko mkuu wa urubani wa kampuni.

Njia halisi za kulivuka bonde hilo la kutoka 200 hadi 500:

Ualimu. Idhini ya mwalimu inakuchukua wiki kadhaa, halafu unalipwa huku saa zinaingia, na zinaingia kama rubani mkuu. Kwa kujenga msingi hakuna inayoishinda. Anayemfundisha mwingine kutua kwenye upepo wa ubavu hujua kutua.

Kiti cha pili kwenye Caravan. Ndege hiyo imeidhinishwa rubani mmoja, lakini wateja wengi, hasa mashirika na kambi za safari, huomba wawili. Uliza mapema saa hizo zitaandikwaje kwenye logibuku yako, kitabu cha kumbukumbu za saa zako, na kama mamlaka inazitambua. Wengine wamekaa kiti cha kulia mwaka mzima, kumbe saa zote hazihesabiki.

Kazi ya ardhini kwenye kampuni ya ndege: kupanga safari, mizigo, kupima uzito. Mshahara mdogo, lakini nafasi ya kiti ikitokea ghafla mkuu wa urubani humchagua anayemfahamu anavyofanya kazi.

Jiepushe na matangazo ya "lipa tukupe saa 500 kwenye ndege kubwa" bila kusoma mkataba na mtu anayejua. Na usiongeze saa za uongo. Mamlaka hulinganisha logibuku na kitabu cha kiufundi cha ndege yenyewe: namba ya ndege, tarehe, saa. Ndege ilikuwa karakana siku uliyoandika umeirusha, basi kazi imeisha kabla haijaanza.

Baada ya hapo hesabu inakuwa rahisi. Rubani wa safari za mbugani akiruka saa 70 kwa mwezi, saa 1,000 zilizobaki kutoka 500 kufikia 1,500 za leseni ya usafirishaji, ATPL, ni kama miezi 14 hadi 15. Umri 21, ziwemo 100 za usiku na 75 za vyombo. Za usiku ndizo zinazokwama kwa watu wa mbugani, kwa sababu viwanja vya mbuga havina taa. Zitafute mapema.

Kwa mfano wa hadharani wa mwendo mrefu, yupo Kapteni Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways. Miaka yake ya mwanzo pale alikuwa rubani mwanamke pekee, na 2014 akawa Mwafrika wa kwanza mwanamke kufikia ukapteni wa Boeing 787. Kati ya kuajiriwa na kiti hicho kuna takriban miaka ishirini ya kupanda ndege moja baada ya nyingine. Kijana anayedhani ni miaka mitatu aisome namba hiyo vizuri.

---

Hesabu Kwanza

Tugeukie wenye ndoto ya kampuni. Mfano mzuri wa nyumbani ni marehemu Michael Shirima, mwanzilishi wa Precision Air. Alipita East African Airways, akaujua usafiri wa anga kwa ndani, kisha Precision Air ikaanza safari 1993 kutoka Arusha kama kampuni ya kukodisha, na ndege moja, Piper Aztec ya injini mbili, ya watu watano. Mwaka huohuo ikaongeza safari za ratiba kwa ajili ya watalii. Kenya Airways iliingia kwa asilimia 49 mwaka 2003, na 2011 hisa zikauzwa kwa umma soko la Dar. Angalia mpangilio: ndege moja ndogo, wateja waliokuwepo tayari, ratiba baadaye, wabia baadaye zaidi. Wanaoanza na ratiba na ndege tatu kabla ya kuwa na wateja hufa mapema.

Ndege haina hasara ikiruka, ina hasara ikilala. Nitumie namba za mfano, wewe weka zako. Tuseme Grand Caravan moja ya kukodi inakugharimu dola 60,000 kwa mwezi hata isiporuka: kodi ya ndege, bima, marubani, fundi, ofisi, maegesho. Kila saa ikiruka inaongeza: mafuta karibu lita 200 kwa dola 1.20, sawa na 240. Akiba ya injini: ukarabati mkubwa wa injini ya PT6 ni baada ya saa 3,600, na ukikadiria utagharimu dola 350,000, tenga 97 kwa kila saa. Matengenezo mengine na propela 150. Ada za kutua na kuongozwa 60. Jumla karibu 550.

Ikiruka saa 40 kwa mwezi, kila saa inabeba 1,500 ya gharama za kulala na 550 za kuruka: 2,050. Ikiruka saa 80, ni 750 na 550: 1,300. Ndege ileile, rubani yuleyule. Ukimwuzia mteja kwa 1,600, kwenye saa 40 unakufa na kwenye 80 unapumua. Kwa hiyo kabla ya kusaini kodi, kuwa na karatasi za wateja zinazofikisha saa 65 au 70, na kumbuka Aprili na Mei kambi nyingi za mbugani zinafungwa kwa masika. Mwaka wako una miezi kumi.

Na hesabu miguu mitupu, yaani safari ambazo ndege inaruka bila abiria. Kupeleka watu Seronera, Serengeti, na kurudi bila abiria ni gharama za kwenda na kurudi zenye mapato ya upande mmoja.

Kosa namba moja la wamiliki wapya ni kuila ile dola 97. Saa 3,600 zinafika, akaunti tupu, ndege inalala miezi, na kila mwezi ni 60,000.

---

Fundi Terminal One

Hesabu Kwanza kagusa injini, naomba niingie na spana yangu.

Injini ya Caravan inaweza kuharibiwa ndani ya sekunde mbili wakati wa kuwasha, na mwenye kampuni anapaswa kulijua hili kama rubani anavyolijua. Utaratibu: angalia volti ya betri, isipungue 24. Washa stata, subiri mzunguko wa jenereta ya gesi ufike angalau asilimia 12 na utulie, ndipo ufungue mafuta. Jicho lote kwenye joto la turbini. Likikimbilia 1,090 za Selsiasi, funga mafuta ila acha stata izungushe ipoze. Hapo 1,090 inaruhusiwa sekunde 2 tu. Stata izimwe ikipita asilimia 52. Chanzo cha kuwasha kwa moto ni betri dhaifu karibu kila mara: rubani anawasha mara nane kwa siku kwenye viwanja vya mbuga, vituo vifupi, betri haipati muda wa kujaa, wa tisa unaunguza mabapa. Betri mpya ni bei ya chakula ukilinganisha na turbini.

Wa Zanzibar na Mafia: chumvi. Osha kompresa kwa maji safi kila siku ya kazi, injini ikiwa imepoa. Wanaoacha kuosha siku mbili tatu hukuta kutu kwenye mabapa wakati wa ukaguzi wa sehemu ya moto, ambao ni kwenye saa 1,800.

Kokoto: ukianza kupaa kwenye changarawe usisimame na nguvu zote. Ongeza nguvu ndege ikiwa inaanza kutembea. Propela inafyonza mawe ikiwa imesimama.

Na uzito, wakuu, uzito! Mfano: Caravan 208B inaruhusiwa kilo 3,969 kuondoka. Tupu na vifaa tuseme 2,350, rubani 80. Zimebaki 1,539. Mafuta lita 600 ni kilo 480. Zimebaki 1,059. Abiria 12 wa kilo 80 na begi la 15 ni 1,140. Umezidi kwa 81. Kumi na mmoja ni 1,045, unaondoka. Ndiyo maana ya begi laini la kilo 15, na ndiyo maana mzani uwe kwenye kila kaunta. Mgeni akija na sanduku gumu la 28, liende kwa gari.

---

Mama Tegemeo

Nimesoma yote. Je, mtu asiye na ndege anaweza kuanza biashara hii? Na cheti cha mwendeshaji wa ndege, AOC, kinapatikanaje?

---

Rubi ya Kati

Anaweza, mama, na ndivyo ninavyoshauri. Njia ya kwanza ni udalali wa ndege za kukodi: unatafuta wateja, unanunua saa kwa kampuni yenye cheti, unapata kamisheni. Mtaji wake ni simu, uaminifu na kujua bei. Miaka miwili ya hivyo inakuonyesha njia zipi zina watu kweli. Ya pili ni kumiliki ndege na kuiweka chini ya cheti cha kampuni nyingine, wao wanaiendesha na kuitunza, mnagawana. Hapo mkataba uandikwe nani analipa akiba ya injini na nani anaamua ndege ikae chini.

Ukiamua kuwa mwendeshaji kamili, kwanza unaomba leseni ya huduma ya usafiri wa anga, ambako mpango wa biashara na uwezo wa fedha hukaguliwa. Kenya maombi hayo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali ili mwenye pingamizi aseme. Kisha ndipo cheti cha mwendeshaji, chenye hatua tano: mazungumzo ya awali, maombi rasmi, ukaguzi wa nyaraka, maonyesho na ukaguzi wa vitendo, halafu kutolewa.

Hatua ya tatu ndiyo inayokula muda. Mwongozo wa uendeshaji, wa matengenezo, wa mafunzo, wa usalama wa safari, wa ulinzi, wa mizigo hatarishi, na orodha ya vifaa vinavyoweza kuharibika na ndege bado ikaruka. Wengi hununua mwongozo wa kampuni nyingine na kubadili jina. Mkaguzi anafungua ukurasa unaotaja njia za theluji, au ndege ambayo huna, na faili zima linarudi. Andikeni wenyewe, kwa ndege yenu na viwanja vyenu.

Mkaguzi pia atawahoji watu: meneja anayewajibika, mkuu wa urubani, mkuu wa matengenezo, wa usalama na ubora. Kila mmoja awe na sifa na awepo kweli. Jina la kuazima hugundulika kwenye swali la tatu.

Onyo moja la ratiba: usianze kulipa kodi ya ndege kabla hatua ya tatu haijaisha. Saini makubaliano ya kuchukua ndege yenye tarehe inayosogea kulingana na cheti. Ndege iliyofika mapema inakula zile 60,000 za Hesabu Kwanza kila mwezi huku wewe ukirekebisha kurasa.

---

Mama Tegemeo

Hayo mazungumzo ya awali, mtu aende na nini mkononi?

---

Rubi ya Kati

Barua ya kueleza aina ya ndege, kituo kikuu, njia na aina ya huduma. Usajili wa kampuni na wamiliki wake. Majina na wasifu wa wale wakuu wanne niliowataja. Nani atatengeneza ndege, na cheti chake cha karakana. Rasimu ya mkataba wa ndege. Na ratiba yako mwenyewe ya tarehe za kila hatua, kwa sababu mkaguzi atapanga kazi yake kwa kuifuata hiyo.